Windows, Mac, Linux au Chromebook? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mfumo wa kompyuta ya nyumbani na ya kazini

Meza yangu ya ufundi iko Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni kupiga Windows (yaani kuisakinisha), kufufua laptopu za used na kufunga kompyuta za ofisi ndogo ndogo: steshenari, shule, maduka ya dawa, ofisi za mawakili wawili watatu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wateja hunipigia nayo simu. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wao. Penye hela na mafaili ya mtu nimekaa kirefu, kwingine nimepita.

Mfumo endeshi ni nini hasa, na unanihusu nini?

Ni ile programu mama inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta. Ndiyo inayotambua kibodi, inayogawa RAM, inayozungumza na printa na inayozipa programu nyingine ruhusa ya kufanya kazi. Windows ni ya Microsoft, macOS ni ya Apple, ChromeOS ni ya Google. Linux haina mwenyewe mmoja: ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mpaka leo inaandikwa na maelfu ya watu na makampuni duniani. Simu yako ya Android ina kiini cha Linux ndani yake, kwa hiyo hata anayesema hajawahi kuigusa anayo mfukoni.

Linakuhusu kwa sababu programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haifunguki kwenye mwingine mpaka iwe na toleo lake. Ukikosea kuchagua, utagundua siku ya kazi.

Nianzie wapi kuchagua?

Anzia kwenye kazi zako, jina la mfumo lije baadaye. Chukua karatasi, kwa wiki nzima andika kila programu uliyofungua na kila kifaa ulichochomeka. Ukimaliza wiki, jibu huwa limeshajionyesha.

Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea karatasi ya namna hiyo, ameandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari la madeni. Word. Excel kidogo. Chrome kwa ajili ya wanafunzi wanaoomba mkopo wa HESLB na watu wanaosajili majina ya biashara BRELA. WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwa sababu wateja hutuma kazi huko. Skana. Printa ya Epson ya wino wa chupa. Na chini kabisa, CorelDRAW ya kutengenezea kadi za harusi na mabango ya misiba. Mstari huo wa mwisho ndio uliokata shauri: CorelDRAW haina toleo la Linux, na kadi za harusi ndizo zinazomlipia pango. Mashine yake ya mezani ikabaki na Windows. Ile ya pili, ambayo wateja hukaa wenyewe kujaza fomu, ilikuwa haihitaji kitu zaidi ya kivinjari na printa. Ile nikaiwekea Linux Mint, aina moja ya Linux, na mpaka sasa hajaniita kwa ajili yake isipokuwa siku panya walipotafuna waya wa mtandao.

Kwa hiyo duka moja linaweza kuwa na mifumo miwili bila tatizo. Hakuna sheria inayosema mashine zote zifanane.

Nina HP EliteBook 840 G3, inaniambia haiwezi kupokea Windows 11. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tuliendee taratibu.

Microsoft ilikomesha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile mashine hazikuzimika. Zinawaka, Word inafunguka, printa inachapa. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi, na kila tundu linalogunduliwa tangu hapo hubaki wazi kwenye mashine isiyopokea viraka. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia, hospitali za Uingereza zikiwemo, ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata kiraka.

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache sana za kizazi cha 7 zilizoruhusiwa. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na 840 G4 ni ya cha 7. ThinkPad T460 na Latitude E7470 zimekwama palepale. Ukisogea hatua moja, kwenye 840 G5, Latitude 7490 au ThinkPad T480 yenye kizazi cha 8, unapita. Tatizo ni kwamba hizo za kizazi cha 6 na cha 7 ndizo zilizojaa kwenye maduka ya used, na zinauzwa zikiwa zimepigwa Windows 11 kwa nguvu bila mnunuzi kuambiwa.

Mwenye G3 ana njia nne. Ya kwanza ni kununua muda: Microsoft imeongeza viraka vya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajisajili kwenye sehemu ya masasisho ya mashine yenyewe, ama bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, ama kwa dola 30. Njia hii inakupa nafasi ya kujipanga, basi.

Ya pili ni kupiga Windows 11 kwa kuruka masharti, kwa kutumia programu kama Rufus. Inawezekana na nimeifanya kwa walioniomba. Lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa laptopu ya mtoto kuangalia masomo sina neno. Kwa mashine yenye hesabu za duka, sifanyi hata nikiongezwa hela.

Ya tatu ni Linux, na kwa mashine hizi ndiyo ninayoipenda. G3 yenye RAM GB 8 na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hukimbia na Linux Mint kana kwamba imetoka kiwandani, na masasisho yake ya usalama hayaulizi prosesa ni ya kizazi gani.

Ya nne ni kuiuza uongeze hela upate ya kizazi cha 8. Ikiwa kazi yako inataka programu za Windows peke yake, njia hii ndiyo yenye utulivu.

Halafu kuna jambo watu hulisahau. Kama mashine yako bado ina ile diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD kabla hujafikiria mfumo. Wengi wanaoniambia "Windows imekuwa nzito" huondoka na Windows ileile juu ya diski mpya, wameridhika.

Nitajuaje kizazi cha prosesa kabla sijatoa hela?

Soma namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Stika ya "Core i5" peke yake haikuambii kitu. Muuzaji akikwambia "hii ni i7, ina nguvu", mwambie awashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika *dxdiag*, usome mstari wa prosesa. i7 ya kizazi cha 4 inaachwa mbali na i5 ya kizazi cha 8. Ukiwa hapohapo andika pia *tpm.msc* uone toleo la chipu ya usalama.

Windows ya kukrack, isiyolipiwa leseni, ina ubaya gani? Kila mtu anatumia.

Kwanza angalia kama unahitaji kukrack chochote. Laptopu nyingi za maofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 huwa na ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya ubao wake. Ukipiga Windows ya daraja lilelile, Pro kwa iliyokuwa Pro, ukaiunganisha na intaneti, inajiwasha leseni yenyewe. Nimeshaona watu wakitozwa hela ya "kuaktiveti" mashine ambayo ilikuja na leseni halali. Inaniudhi sana.

Kama kweli haina, basi tazama programu za kukrack zinavyofanya kazi. Karibu zote zinakutaka uzime kwanza Windows Defender, kisha uziruhusu ziendeshe kama msimamizi wa mashine. Yaani unamwondoa mlinzi getini, halafu unampa funguo za nyumba mtu usiyemjua. Katika mashine zinazoletwa kwangu zikiwa na akaunti za Facebook zilizoibwa au mafaili yaliyofungwa yanadaiwa fidia, mara nyingi nikichimba nakuta faili la kukrack kwenye folda ya Downloads.

Leseni ya Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft nchini Marekani ni dola 139, Pro ni 199. Kwa kipato cha wengi wetu hiyo ni hela nzito, na simlaumu mtu kwa kushtuka. Ila ukishindwa bei hiyo Linux ipo, halali na bure, na haikudai uzime ulinzi wowote.

Linux ni bure kweli? Mtego uko wapi?

Ni bure kweli, na ruhusa ya kuinakili, kuibadilisha na kumgawia jirani imeandikwa kwenye leseni yake. Gharama iko kwenye muda wako wa kuizoea na kwenye programu ambazo hutazipata: Microsoft Office ya kusakinisha, Photoshop, CorelDRAW, AutoCAD, ArcGIS ya mezani. Badala yake utapata LibreOffice, GIMP, Inkscape, QGIS. Baadhi ni nzuri sawasawa na zile, nyingine zinataka uvumilivu. QGIS, kwa mfano, wapimaji na watu wa misitu huitumia hata wale wenye Windows.

Printa za HP mara nyingi Linux huzitambua papo hapo, kwa sababu HP wenyewe wametoa draiva, ile programu ndogo inayoutambulisha mfumo kwa kifaa. Za Canon za laser za zamani zimewahi kunikalisha mpaka usiku. Wi-Fi pia inaweza kugoma kwenye laptopu zenye kadi ya Broadcom. Ikikutokea, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa waya, kompyuta ipate mtandao na ijipakulie draiva yenyewe.

Linux ziko nyingi. Nichukue ipi?

Linux Mint ukitoka Windows, maana menyu iko kona ya kushoto chini kama ya Windows 10 na mkono hautapotea. Mashine ikiwa dhaifu, ya GB 4 kushuka chini, chukua Mint yenye Xfce, sura yake nyepesi. Ubuntu ukiwa msomi wa kompyuta au ukitaka maelekezo mengi mtandaoni, na chagua matoleo yenye herufi LTS, yanayohudumiwa kwa miaka mitano, kama lile la 24.04 la Aprili 2024.

Ubuntu, kwa kupita tu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu *utu*. Zamani walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani. Yangu ya kwanza niliipata hivyo, na bahasha yake bado ninayo.

Word na Excel zangu zitafunguka kwenye Linux?

Barua, CV, mihutasari ya vikao, risala: zitafunguka na LibreOffice na utaziandika bila shida. Tatizo huanza kwenye faili lenye jedwali ndani ya jedwali, au fonti ambazo mashine yako haina. Mstari unaruka, ukurasa wa 4 unakuwa wa 5. Ukimtumia mtu kazi iliyokamilika, itume kwa PDF, na mambo hayo yanaisha.

Excel yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili, ni habari nyingine. Makro za Microsoft mara nyingi hukwama kwenye LibreOffice. Majirani zetu Kenya wanalijua hili kupitia fomu za Excel za iTax za kujazia ritani ya kodi, zinazotegemea makro. Kama kazi yako ya kila mwezi inapita kwenye faili la namna hiyo, kaa na Windows.

Ipo pia Word ya mtandaoni ya Microsoft, inayofunguka kwenye kivinjari cha mfumo wowote. Inataka bando tu.

Ofisi yetu ina programu za hesabu za Tally na QuickBooks ya kusakinisha, na printa ya EFD ya risiti za kodi. Tunaweza kuhama Windows?

Msihame kwa mashine ya mhasibu. TallyPrime ni ya Windows, QuickBooks ya mezani haina toleo la Linux, na vifaa vya EFD vinavyounganishwa na kompyuta mara nyingi huja na programu ya Windows pekee. Kuna watu watakwambia kuna njia ya kuziendesha ndani ya Linux. Ipo, lakini siku itakapogoma ni siku ya kufunga hesabu, na hutampata aliyekushauri.

Mashine nyingine za ofisi ni tofauti. Zabuni za NeST, mifumo ya TRA na barua pepe vyote hufunguka kwenye kivinjari. Mashine ya mapokezi au ya katibu inaweza kuwa na Linux na kazi isisimame hata saa moja.

Mac inastahili bei yake?

Kwa anayehariri video au muziki kila siku, anayeshinda nje bila umeme, na mwenye hela ya kununua mara moja akae nayo miaka mingi, ndiyo. Tangu Apple walipoleta chipu zao wenyewe, M1, Novemba 2020, MacBook Air haina feni, haipati moto wa kuunguza mapaja, na inashinda na chaji siku ya kazi. Kwa mji ambao umeme unakatika, hilo si jambo dogo. Mfumo wenyewe husasishwa bure.

Kwa anayeandika barua na kujaza fomu, hapana. Hela ile inanunua EliteBook ya kizazi cha 8, printa na UPS, na chenji inabaki.

Jua pia kwamba RAM ya Mac hizi haiongezwi, ukinunua ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8. Na usinunue tena Mac ya Intel kwa matumaini ya muda mrefu: Apple wametangaza kwamba macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kuzipokea, na ni chache tu kati yake zinazoipata.

Nimepata MacBook ya used kwa bei nzuri sana. Niangalie nini?

Iwashe mbele ya muuzaji na ufute kila kitu, ianze upya hadi mwisho ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai nywila ya Apple ya mtu mwingine, imefungwa. Ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni au shule fulani, ni mali ya huko na siku yoyote inaweza kufungwa kutoka mbali. Muuzaji akikataa jaribio hili, rudisha hela mfukoni.

Na Chromebook?

Chromebook nyingi zinazofika huku zilikuwa za shule za Marekani. Ni ngumu kuvunjika, zinakaa na chaji na hazijui virusi vya flashi. Lakini kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho, na bei ikiwa ndogo mno tarehe hiyo huwa imepita. Ifungue, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, usome tarehe. Tena hakikisha haijafungwa na shule ilikotoka. Bila intaneti Chromebook hukuachia kazi chache, kwa hiyo mtu wa bando la kuhesabu atateseka nayo.

Nikihifadhi kazi kwenye flashi, folda zote zinageuka shortcut. Mfumo gani utaniponya?

Hao ni virusi vya Windows vinavyoficha folda zako na kuweka alama za uongo mahali pake. Mafaili hayajafutika. Usibonyeze zile shortcut. Chomeka flashi kwenye mashine ya Linux, au ya Mac ukiruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, na utakuta folda zako zimekaa pamoja na takataka yenyewe. Nakili zako, kisha fomati flashi. Steshenari yenye mashine moja ya Linux ya kupokelea flashi za wateja inaepuka nusu ya maradhi.

Kwenye Windows, Defender iliyokuja na mfumo inatosha ikiwa imewashwa na inasasishwa. Mac nazo zina virusi vyake, msidanganyike.

Mfumo upi hauli bando?

Linux Mint hukuuliza kabla ya kupakua, ndiyo yenye adabu zaidi. Windows huchukua yenyewe, na sasisho kubwa la mwaka hufika GB kadhaa. Ukiwa unatumia simu kugawa intaneti, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uiambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa. Itapunguza ulafi. Kisha mara moja kwa wiki nenda penye Wi-Fi ya bure uiruhusu isasishe, usiiache mwaka mzima.

Flashi yangu haiandiki kwenye Mac. Kwa nini?

Imefomatiwa kwa NTFS, na Mac huisoma bila kuiandika. Ifomati kwa exFAT, inaeleweka na Windows, Mac na Linux. FAT32 nayo inaeleweka kote ila haipokei faili moja linalozidi GB 4, ndiyo maana filamu ya harusi inagoma katikati.

Kompyuta inanidai tarakimu 48 kwenye skrini ya bluu. Hizo nizitoe wapi?

Hili linaniuma mpaka leo, na niliyekosea ni mimi.

Mwalimu mmoja aliyekuwa anaandika tasnifu ya uzamili aliniletea laptopu mpya nimwandalie. Windows 11, hasa tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, hudai akaunti ya Microsoft na ukishaingia nayo huifunga diski yenyewe kwa ufunguo wa siri. Hakuwa na akaunti, foleni ilikuwa ndefu, nikamfungulia moja palepale kwa laini ya simu aliyokuwa nayo siku hiyo. Nywila nikaiandika kwenye kikaratasi cha risiti. Miezi ikapita, ubao wa laptopu ukafa. Nikatoa SSD nikaiweka kwenye mashine nyingine, nikijua ni kazi ya dakika kumi. Ikadai tarakimu 48. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti ile, kikaratasi kilishapotea, na laini ile alikuwa ameshaiacha. Sura tatu za tasnifu zilikuwa ndani ya diski nzima, isiyo na hitilafu yoyote, na hakuna fundi duniani angeweza kuzitoa. Alikaa kwenye stuli mbele ya meza yangu bila kusema kitu.

Tangu siku hiyo simkabidhi mtu mashine kabla hajaingia mwenyewe aka.ms/myrecoverykey, akaona zile tarakimu, akaziandika kwenye daftari lake kwa mkono wake. Fanya hivyo leo kama una Windows 11. Mac ina kitu kama hicho kiitwacho FileVault, na Linux ikifungwa kwa nywila wakati wa kusakinisha haina huruma pia. Kisha weka nakala ya kazi zako mahali pengine kabisa: diski ya nje, au hata barua pepe uliyojitumia mwenyewe.

Naweza kupata kompyuta inayozungumza Kiswahili?

Ndiyo. Windows ina kifurushi cha Kiswahili: mipangilio, muda na lugha, ongeza Kiswahili. Baadhi ya sehemu hubaki Kiingereza. Upande wa programu huria kazi hii ilianzia nyumbani: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice ya leo bado ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Nawashauri waandishi na makatibu muhtasi waiwashe. Mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili unachosha macho na unaficha makosa ya kweli.

Mdogo wangu haoni. Mfumo upi utamfaa?

Windows pamoja na NVDA. Ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, ambaye pia haoni. Sauti inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Si tamu, ina mkwaruzo wa roboti, lakini anayeizoea huiongeza kasi mpaka wewe unayeona huelewi inasema nini. Mac ina VoiceOver ndani yake, nzuri pia, kwa bei ya Mac. Linux ina Orca, ila hapo nasita kwa anayeanza.

Magemu?

Windows. Linux imesogea sana kupitia Steam, lakini magemu ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant na EA FC za karibuni, hayafunguki huko.

Nasoma programu chuoni. Nihamie Linux?

Jifunze, kwa sababu seva nyingi utakazokuja kuzihudumia zinaendeshwa nayo. Si lazima ufute Windows: unaweza kuwasha Linux ndani yake kwa WSL, au kuweka mifumo miwili kwenye diski moja ukachagua kila unapowasha. Wa takwimu waangalie kwanza: R na Stata zipo kwa mifumo yote mitatu, ArcGIS ya mezani ni Windows tu.

Nimeamua kujaribu Linux. Nianzeje bila kupoteza kitu?

Tafuta flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Pakua Linux Mint, ni karibu GB 3, iandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigonga F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na ThinkPad, uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski yako.

Hapo usisakinishe kwanza. Kaa nayo jioni mbili. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, fungua yale mafaili yako ya Word magumu zaidi. Kitakachogoma kiandike. Ukiona orodha ni fupi na unaweza kuishi nayo, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, yafungue machache kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yamefika salama, ndipo ubonyeze kusakinisha. Na kama ni laptopu ya familia, mwite kila anayeitumia aseme kazi zake zimekaa wapi. Mafaili mengi niliyoona yakipotea yalikuwa kwenye folda ya mtu ambaye hakuwepo siku hiyo.